Vichupo Sita, Jina Moja

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza daftari hili, na naahidi kuandika kila kitu kama kilivyotokea, hata pale ambapo mimi mwenyewe sitapendeza. Mwalimu wa lugha anasema shajara ya mtu anayejificha ni kupoteza wino. Wino wangu sitaupoteza.

Jumatano iliyopita wanafunzi arobaini na mmoja wa kidato cha pili walikosa mtihani wa hesabu. Msimamizi alikaa tangu saa mbili asubuhi akitazama madawati matupu. Wenyewe walikuwa nyumbani wakijisomea, kwa sababu skrini iliyo mlangoni mwa maktaba iliwaambia mtihani ni saa nane mchana. Saa nane ulikuwa mtihani wa kidato cha tatu. Ratiba hiyo tuliiandika sisi, Klabu ya Kompyuta, kwenye mashine namba sita: mimi na rafiki yangu Nukta. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mfupi, na kila akishinda ubishi husema, “Nukta!” na hutamtoa neno jingine.

Klabu ina mashine saba na wanafunzi kumi na wanne. Kwa hiyo tunakaa wawili wawili, mmoja anasoma karatasi kwa sauti, mwenzake anaandika. Mimi ni msomaji, Nukta ni mwandishi. Mwalimu wa kompyuta alisema mkono ulioandika ni wa Nukta, basi kosa ni la Nukta. Amemfukuza klabu na kubandika tangazo mlangoni, jina lake lote, majina matatu, na neno “uzembe” limepigiwa mstari. Mimi nimeachwa. Leo nimekaa mashine namba sita peke yangu na kiti kitupu pembeni.

Majina ya wawili watakaokwenda mashindano ya shule zote yanapelekwa tarehe 25. Nukta ameyasubiri mashindano haya tangu kidato cha kwanza. Nina wiki tatu za kumrudisha, na nitamrudisha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nukta amepita karibu yangu kwenye foleni ya bomba kama amepita karibu ya nguzo.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze kosa lilivyo, maana watu wanalisema ovyo. Tovuti ya shule ina folda sita: vidato vinne, maktaba na michezo. Ndani ya kila folda kuna faili iitwayo mwanzo.html. Mwalimu ndiye aliyeamua, na hilo silipingi. Lakini ukizifungua zote sita kwenye kihariri, programu tunayoandikia, vile vichupo vya juu, vitufe vidogo vya kuchagulia faili, vinasomeka mwanzo.html, mwanzo.html, mwanzo.html, mara sita. Ni kama kuita “Mama!” katikati ya soko, wanageuka wote.

Dawa ya Mwalimu ni kuhesabu. Fungua faili kwa mpangilio, kisha hesabu kutoka kushoto: kwanza, pili, tatu, nne, maktaba, michezo. Anasema “hesabu kutoka kushoto” mara nyingi kiasi kwamba akiwa hayupo tunamwita Mzee Kushoto.

Leo nimefungua mipangilio ya kihariri, ingawa ukutani kuna karatasi isemayo MIPANGILIO HAIGUSWI. Nimeigusa. Kuna sehemu ya majina ya vichupo. Upande wa kushoto unaandika faili ipi, upande wa kulia unaandika kichupo chake kiitweje. Nimeiambia ionyeshe njia nzima ya faili. Matokeo: tovuti-ya-sh… tovuti-ya-sh… tovuti-ya-sh… Vichupo ni vyembamba, maneno yanakatwa. Nimejaribu jina la folda peke yake: kidato-ch… kidato-ch… kidato-ch… kidato-ch… Nimecheka mpaka jirani wa mashine namba tano akauliza kama naumwa.

Nimefuta yote nikaenda nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Mama anafanya kazi maabara ya hospitali. Jioni tukichambua mchele nimemuuliza anaandika nini kwenye chupa za damu.

“Kile kinachotofautiana,” akasema. “Jina la mgonjwa na wodi yake, basi.”

“Jina la hospitali je?”

“Chupa zote ziko hospitalini, mwanangu. Nikiandika jina la hospitali mbele, nitakuwa nimeandika nini? Kuna mgeni mmoja alianza kazi akawa anaandika ‘Sampuli ya damu ya Bwana’ kwanza, halafu jina. Kibandiko kikaisha kabla jina halijaanza. Tukawa na akina Bwana tisa kwenye kikapu.”

“Mkafanyaje?”

“Tukawaamsha wote tisa tukawachoma sindano upya. Wa kitanda cha nne mpaka leo akiniona anaficha mkono.”

Akaniangalia. “Unauliza chupa au unauliza Nukta?”

Nikasema vyote viwili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeweza! Mistari sita tu. Folda ya kidato cha pili, kichupo kiitwe PILI. Ya kidato cha tatu, TATU. Hivyo hivyo mpaka MICHEZO. Juu ya kihariri sasa inasomeka KWANZA, PILI, TATU, NNE, MAKTABA, MICHEZO, na faili zenyewe hazijabadilika hata herufi moja. Ni vibandiko tu. Nilikaa nikavitazama kama mtu anayetazama chumba alichokifagia mwenyewe.

Kiranja wa klabu alikuwa amesimama nyuma yangu, na kabla sijamgeukia tayari alishaita, “Mwalimu, njoo uone huku!”

Mwalimu alikuja, mikono nyuma. “Nani amegusa mipangilio?”

“Mimi, Mwalimu. Naomba nieleze.”

“Ukutani pameandikwa nini?”

“Haiguswi.”

“Unajua kusoma, basi. Nilidhani nimpigie simu mwalimu wako wa lugha.”

Watu wakacheka. Nikasema, “Mwalimu, kama vichupo vingekuwa hivi, Nukta asingekosea.”

“Kama Nukta angehesabu, asingekosea,” akasema, akainama akafuta mistari yote sita. “Toka kushoto. Vidole unavyo.”

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika mistari sita. Amefuta.

Jumanne, 12 Machi

Nimeandika. Amefuta. Mvua imebomoa ukingo wa njia ya nyuma, tunazungukia barabara kubwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimeandika. Umeme umekatika kabla hajafika mashine namba sita. Uliporudi akaja akafuta. Mistari sasa naijua kwa moyo, inanichukua chini ya dakika moja. Kufuta kunamchukua muda mrefu zaidi, maana anaitafuta. Naona haya kidogo kuandika kwamba hilo limenifurahisha.

“Wakili wa vichupo,” kiranja ananiita sasa. “Wakili, kesi imeahirishwa mpaka lini?”

“Mpaka nishinde,” nikamwambia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeandika. Amefuta. Baada ya masomo nikaenda kwa kina Nukta. Mama yake ni fundi cherehani, akaniambia pita tu mwanangu, yuko nyuma. Nukta alikuwa anaanua nguo, mawingu yalishakusanyika.

“Nimepata namna ya vichupo kuwa na majina tofauti,” nikasema. “Nitamwonyesha Mwalimu Mkuu. Utarudi.”

“Nimejiandikisha kwaya.”

“Nukta, wewe huwezi kuimba.”

“Kwaya haina vichupo.”

Nikacheka, yeye hakucheka. Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. “Unajua kinachoniuma? Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, kwa kidole, naapa. Nakumbuka kidole changu kwenye skrini. Na bado nilikosea. Sasa hata nikipanda ngazi nahesabu, halafu sijiamini. Juzi nimehesabu chenji ya mama mara tano. Mtu ambaye hawezi kuhesabu mpaka tatu atashindana na nani?”

Matone yakaanza. Nikamsaidia kuingiza nguo, nikaaga haraka. Haraka mno.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeandika. Amefuta.

Jumapili, 17 Machi

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Niliahidi kuandika kila kitu na kuna kitu sijaandika. Sasa nakiandika.

Siku ile ya kuandika ratiba tulikuwa tumemaliza kurasa zote isipokuwa ya kidato cha tatu, kwa sababu karatasi yake ilichelewa ofisini. Nukta akaenda kuifuata. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikabaki peke yangu, nikakumbuka nina kitabu cha kurudisha maktaba, nikataka kuona saa za kufunga. Nikakishika kichupo cha maktaba, kile cha tano, nikakiburuta mpaka mbele kabisa. Sijui kwa nini nilikiburuta badala ya kukibonyeza tu. Kinasogea vizuri, kinateleza, mkono unapenda. Nikaona maktaba inafungwa saa kumi, nikaridhika. Sikukirudisha.

Nukta akarudi na karatasi, amelowa mabega. Akahesabu moja, mbili, tatu. Lakini kichupo cha kwanza kilikuwa cha maktaba, cha pili kidato cha kwanza, na cha tatu kidato cha pili. Ukurasa ulikuwa umeteremshwa mpaka kwenye jedwali, kichwa cha habari hakionekani. Nikamsomea ratiba ya kidato cha tatu nikipiga kelele kuishinda mvua, naye akaiandika juu ya ratiba ya kidato cha pili. Siku nyingine, tukimaliza, mwandishi humsomea msomaji tena. Siku ile hatukusikilizana, tukaacha. Ni mimi niliyesema, “Hifadhi!” Kidato cha tatu walipona kwa sababu mwalimu wao wa darasa aliwasomea ratiba kutoka kwenye karatasi.

Nilijua lini? Nilijua siku ile ile ya mtihani, nilipoona kichupo cha maktaba bado kiko mbele. Nikakirudisha mahali pake, kimya kimya, huku Mwalimu akimsomea Nukta hukumu mlangoni.

Basi ndivyo. Wiki nzima nimepigania vichupo kwa nguvu zote, na nusu ya nguvu hizo ilikuwa woga. Kama mwenye kosa ni kihariri, mimi simo. Na Nukta amebaki anahesabu ngazi.

Lakini nimefikiri tena tangu asubuhi, nikakataa kujitwisha kosa lote. Mimi nilisogeza kichupo, ni kweli. Vichupo sita vyenye jina moja ni mtego, hiyo nayo ni kweli. Ukweli mmoja haufuti mwingine. Nitausema wa kwanza na sitaunyamazia wa pili.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia Mama. Akaweka sufuria chini. “Vizuri umesema. Sasa mimi ndiye mwalimu wako wa kompyuta?”

“Hapana, Mama.”

“Mimi ndiye Nukta?”

“Hapana.”

“Basi bado hujasema.”

Nimepita kwa kina Nukta. Ametuma ujumbe kupitia mama yake kwamba amelala, saa kumi na moja jioni.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kubwa kuliko zote, wote kumi na watatu tupo. Nimeandika mistari yangu sita. Mwalimu alipofika kwangu nikasimama.

“Mwalimu, kabla hujafuta. Aliyekosea siku ile ni mimi.”

Nilisema kwa sauti, kwa sababu ya bati, na ikawa kila mtu amesikia. Nikaeleza kila kitu, kitabu cha maktaba, kuburuta, kurudisha kichupo kimya kimya.

Mwalimu alikaa kwenye kile kiti kitupu cha Nukta. “Wiki tatu,” akasema. “Mwenzako jina liko mlangoni wiki tatu.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Na wewe ulikuwa unanifundisha kazi.”

“Ndiyo, Mwalimu. Adhabu nipe mimi, sitabisha. Tangazo lake ling’olewe. Lakini mistari naomba ibaki. Mimi nilisogeza kwa mkono mmoja, sekunde moja, na mtu aliyehesabu sawasawa akaangamia. Kesho atasogeza mwingine.”

“Unaniwekea masharti?”

“Hapana, Mwalimu. Naomba. Ila ukifuta, kesho nitaandika tena.”

“Kesho hutakuwa humu. Umeondoka klabu mpaka mwisho wa muhula.” Akainama, akafuta. “Haya. Ataandika nani?”

Nikachukua mkoba wangu. Pale mlangoni nikasema, “Sijui, Mwalimu. Lakini ataandika.” Nikatoka mvuani bila mwavuli, maana kurudi kuuchukua kungeharibu.

Jumatano, 20 Machi

Kuna mafua na kuna habari. Wakati wa mapumziko kiranja alinifuata bombani, akitazama pembeni kama ananunua kitu kilichokatazwa.

“Wakili. Ile mistari, ya maktaba unaandikaje?”

“Ya nini?”

“Mashine namba mbili wameweka. Tano wameweka. Mimi nimeweka yote, imekataa ya maktaba.”

“Wewe? Wewe ndiye uliyemwita Mwalimu!”

“Nilimwita kwa sababu ni kiranja. Nimeweka kwa sababu nimechoka kuhesabu.” Akanipa kalamu, akanyoosha kiganja. Nikamwandikia mkononi. Alikuwa amesahau mkwaju mmoja tu, ile alama ya /, kati ya jina la folda na jina la faili.

Alhamisi, 21 Machi

Mwalimu ameniita saa ya chakula. Chumba kitupu, mashine zote saba zimewashwa, na zote saba zina vichupo vyenye majina. Nikadhani nafukuzwa shule.

“Nimefuta asubuhi,” akasema. “Nimerudi zimeandikwa. Saba. Nimefundisha miaka kumi na minane, sijawahi kupingwa na samani.”

Sikujua kama naruhusiwa kucheka, nikasubiri.

Akaniambia kwa nini mipangilio haiguswi. Mwaka juzi mwanafunzi alichezea ukubwa wa herufi siku moja kabla ya mkaguzi. Mkaguzi alipokaa, kila kitu kilikuwa kidogo kama mayai ya chawa, na Mwalimu akashindwa kukirudisha mbele ya wageni. “Nilihangaika dakika ishirini,” akasema. “Mkaguzi akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye mwalimu wa somo hili. Siku ile ile nikabandika karatasi ile.”

Kisha akarudi nyuma hatua mbili kutoka mashine namba sita, akakaza macho. “Kwanza,” akasoma. “Pili. Tatu. Nne.” Hakunyoosha kidole na hakuinama. “Maktaba. Michezo.” Akasafisha koo. “Kwa nini uliandika kwa herufi kubwa?”

“Zionekane, Mwalimu.”

“Zinaonekana,” akasema.

Nimemtazama mtu huyu tangu kidato cha kwanza nikidhani anapenda kuhesabu. Leo nimeona kwamba yale maandishi madogo ya vichupo hajawahi kuweza kuyasoma. Sikumwambia nimeona.

Uamuzi wake ni huu. Tangazo amelichana mwenyewe, mbele yangu. Mistari itabaki kwenye mashine zote, na karatasi ya ukutani itabadilishwa isome MIPANGILIO HAIGUSWI BILA KUELEZA. Mimi adhabu yangu iko palepale, siingii klabu mpaka muhula uishe, na mashindano siendi. Sikubisha, nilishasema sitabisha. Nafasi ya Nukta ya mashindano iko wazi, atakwenda na kiranja. Akikataa, anapewa mwingine.

Nikamwomba amwambie Nukta yeye. Akakataa. “Hilo la kichupo cha maktaba ni lako. Umelisema kwangu, hujalisema kwake. Jumatatu saa sita mchana napeleka majina. Niletee jibu lake kabla ya hapo.”

Ijumaa, 22 Machi

Nukta, kuanzia mstari huu naandika kwako. Nimekuja kwenu mara tatu na mara tatu umelala. Hakuna mtu anayelala hivyo. Nadhani umeshasikia shuleni kuhusu kichupo cha maktaba, na umesikia kwa midomo ya watu, si kwangu. Kwa hiyo nakupa daftari lote. Sijachana ukurasa hata mmoja, hata zile siku nilizokuwa najisifu huku nimekuficha ukweli. Tarehe 17 ndiyo ya kusoma kwanza, ukitaka.

Mama ana zamu kesho, na dada yako yuko mapokezi pale pale hospitalini. Mama atampa daftari asubuhi, dada yako akuletee saa ya chakula, na jioni Mama anarudi na chochote utakachompa dada yako, hata karatasi ya neno moja.

Sikuombi tuwe kama zamani. Ukinikasirikia mpaka tumalize shule, ni haki yako. Lakini ukikataa kwenda mashindano, kataa kwa sababu ya hasira. Usikatae kwa sababu ya kidole chako. Kidole chako kilikuwa sawa. Moja, mbili, tatu: ulihesabu vizuri, Nukta, ni mimi niliyeondoa sakafu chini ya hesabu yako.

Mvua imepungua, ila njia ya nyuma bado haipitiki. Nitamsubiri Mama pale kona ya barabara kubwa.

Jumatatu nimpelekee Mwalimu jina lako, ndiyo au hapana?